Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Kinangop: malisho si ardhi tupu

Kwa: Wakuu wenye dhamana ya kilimo, mifugo, misitu, ardhi na wanyamapori katika uwanda wa Kinangop, Nyandarua

Waheshimiwa,

KUH: KUPOTEA KWA MALISHO YA ASILI NA NDEGE WANAOYATEGEMEA

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Barua mbili zilifikishwa ofisini kwa mkono na kupigwa muhuri wa kupokelewa. Hakuna jibu lililorudi, hata la mstari mmoja. Sehemu ya malisho tuliyoyataja katika barua ya kwanza imekwisha kulimwa.

Ndege tunayemtetea kitaalamu anaitwa Macronyx sharpei. Ana urefu wa sentimita 16 au 17, kifua cha manjano, na mgongo wenye michirizi ya kahawia inayofanana na nyasi kavu kiasi kwamba unaweza kusimama hatua tano kutoka alipo usimwone. Ukucha wa kidole chake cha nyuma ni mrefu kupita kawaida, kwa hiyo humu tutamwita ndege wa kucha ndefu. Haishi katika nchi nyingine yoyote duniani. Ni wa Kenya peke yake, wa nyanda za juu zenye baridi: Kinangop, Mau Narok na Molo, Uasin Gishu, na miteremko ya Mlima Kenya na Mlima Elgon. Orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, imemweka miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Kinangop ndiyo ngome yake. Ni zaidi ya hekta 70,000, na karibu zote ni mashamba ya watu binafsi tangu yalipoanza kugawanywa kwa walowezi wapya Waafrika miaka ya 1960. Hifadhi ya Aberdare tunaiona kwa macho upande wa mashariki, lakini msitu na mianzi yake haviwezi kuchukua nafasi ya malisho. Hatima ya ndege huyu imo mikononi mwa mkulima mwenye ekari mbili, tatu au kumi, na imo katika ushauri ambao mkulima huyo anapewa. Ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Uwanda huu una heshima nyingine ambayo hata wengi wanaoishi juu yake hawajaisikia. Hapa ndipo mtafiti kutoka Sweden, Malte Andersson, alipofanya jaribio lake juu ya ndege aitwaye kweche wa mkia mrefu, Euplectes progne, ambaye dume lake huvuta mkia wa karibu nusu mita. Aliwakata baadhi ya madume mikia, wengine akawarefushia kwa gundi, kisha akahesabu viota vya majike katika himaya ya kila dume. Waliorefushiwa walipata viota vipya vingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982, na hadi leo wanafunzi wa biolojia duniani kote wanayasoma. Nyasi za aina hiyo hiyo ndizo zinazopinduliwa leo kwa plau.

Tuseme jambo moja kabla ya kuorodhesha malalamiko, maana tumelisikia likipotoshwa. Ng'ombe si adui wa ndege huyu. Kondoo pia si adui. Utafiti wa Muchai, Lens na Bennun uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ndege wa kucha ndefu hukaa zaidi kwenye nyasi fupi zenye mashungi, yaani mafundo ya nyasi ngumu yaliyotawanyika humo, na huikwepa nyasi ndefu. Nyasi fupi inatengenezwa na mdomo wa mnyama. Ukiwaondoa mifugo wote Kinangop na kuzungushia ua, nyasi itapanda, itajifunga, na ndege ataondoka. Tunachokililia ni malisho kubaki malisho, na mifugo kulishwa humo kwa namna inayokiacha kiota salama.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Malisho ya asili yanahesabiwa kuwa ardhi tupu

Katika mazungumzo ya maafisa na wakulima, shamba la viazi ni shamba, kichaka cha mikalitusi ni mali, lakini malisho ya asili huitwa "mahali pasipotumika". Kwa mtazamo huo kila kampeni huyaangukia malisho. Ya miti ndiyo iliyo karibu zaidi. Tangu Desemba 2022 nchi ina lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hatupingi lengo hilo. Tunapinga miche kupelekwa mahali ambapo kwa asili hapakuwa na msitu.

Kichaka cha mikalitusi katikati ya nyasi huharibu eneo kubwa kuliko linaloonekana. Chini ya kivuli nyasi hufa. Juu ya matawi kunguru na mwewe hupata pa kutua na kuchungulia viota. Ndege wa nyasi wazi huijua hatari hiyo, hivyo hujitenga na ukingo wa miti. Chukueni kiploti cha mita 50 kwa 50, yaani robo hekta. Tuseme ndege wanakaa mbali nacho mita 50 tu kila upande. Eneo walilopoteza linakuwa zaidi ya hekta 2, karibu mara nane ya ardhi iliyopandwa. Mkulima anadhani ametoa robo hekta. Amefunga na ya jirani yake, bila yeye wala jirani kujua.

2. Mashungi ya nyasi yanang'olewa kwa ushauri wa kitaalamu

Hapa tunawaomba mwende nasi taratibu, kwa sababu ndipo penye kiini.

Shungi tunalolizungumzia zaidi ni la Eleusine jaegeri, nyasi ngumu inayoota kwa fundo nene, majani yake makavu yakilala nje na mabichi yakisimama katikati. Ng'ombe hulipita. Kwa mfugaji shungi hilo ni nafasi iliyopotea: pale lilipo pangeota nyasi ya kikuyu inayolika. Kwa hiyo afisa anapomwambia alitoe, ushauri unaingia akilini. Hulitoa kwa jembe, au hupulizia dawa ya magugu, au huita trekta ilime shamba lote, apande viazi msimu mmoja au miwili, kisha arudishe nyasi.

Sasa inameni mtazame shungi hilo kwa karibu. Upande mmoja majani makavu yamejikunja yakaacha kijipango chenye upana wa kiganja. Ndani yake, chini kabisa au sentimita chache kutoka ardhini, kuna kikombe cha nyasi laini chenye mayai mawili au matatu. Majani ya juu yanazuia mvua na jicho la mwewe. Kwato za ng'ombe zinapita kando, kwa sababu ng'ombe hana sababu ya kukanyaga kitu kigumu asichokula. Shungi lile lile linalomkera mfugaji ndilo ukuta wa nyumba ya ndege. Hatua moja kutoka hapo, kwenye nyasi fupi, mzazi anatembea akiokota panzi na mbawakawa, maana pale anaweza kutembea na kuona mbali. Anahitaji vyote viwili ndani ya himaya moja ndogo: nyasi fupi ya kulia chakula na shungi la kutagia. Ukimwachia nyasi fupi peke yake atakula lakini hatalea. Ukimwachia mashungi matupu yaliyosongana, hana pa kutembea.

Shamba lililolimwa haliponi kwa kurudishiwa nyasi. Nyasi ya kikuyu hurudi haraka kwa kutambaa. Shungi halirudi kwa msimu mmoja wala miwili, kwa kuwa huanza upya kutoka kwa mbegu na hukua polepole kati ya nyasi inayoliwa na kukanyagwa. Ndiyo maana kuna malisho ya kijani kibichi, mazuri kwa macho, ambayo ukitembea humo asubuhi nzima huoni kifua kimoja cha manjano. Na ndege huyu hatoki mbali kuja kujaribu bahati. Kipande kilichozungukwa na viazi na miti, akishatoweka humo, kinaweza kukaa kitupu muda mrefu hata kikipona.

Njia ya kati ipo, na haina gharama ya trekta. Mashungi yakizidi, yafyekwe kwa zamu: mstari mmoja ufyekwe, unaofuata uachwe hadi mwaka ujao. Yafyekwe nje ya msimu wa kutaga, na kishina kibaki na sentimita 15 hadi 20. Yasing'olewe. Pendekezo letu ni kwamba mashungi yasishuke chini ya sehemu moja kwa tano ya eneo la malisho, na yasambae shambani kote, yasirundikwe kwenye kona moja ili mkulima aonekane ametimiza.

3. Ng'ombe anaingizwa zizini, na malisho yanakosa kazi

Ushauri wa kumlisha ng'ombe zizini una faida zake: kupe hupungua, samadi hukusanyika, maziwa huongezeka kama chakula kipo. Lakini hatujawahi kusikia afisa akimweleza mkulima upande wa pili. Ng'ombe akifungiwa, chakula chake lazima kilimwe. Kwenye baridi ya juu ya uwanda nyasi ya nepia hustawi kwa shida, kwa hiyo watu hupanda oti, na oti hupandwa penye plau, na plau huenda penye malisho. Hakuna aliyekusudia kumdhuru ndege. Kila hatua ina mantiki yake, na mwisho wake ni shamba lisilo na nyasi ya asili hata hatua kumi.

Tunaomba ushauri wa mifugo utolewe ukiwa mzima. Mwenye ekari nane anaweza kulima oti ekari moja au mbili za kuongezea chakula wakati wa kiangazi, na akaacha nyingine zilishwe kwa kuchungia. Mwenye ekari mbili hana nafasi hiyo, nasi hatumlaumu.

4. Hakuna mwongozo wa namna ya kuchunga

Hili limeachwa kabisa kwa mkulima, na ndipo wataalamu wenu wangeweza kusaidia kwa gharama ndogo kuliko pengine pote.

Ndege wadogo wa jamii hii huatamia kwa karibu wiki mbili, na makinda hukaa kiotani karibu wiki mbili nyingine. Tuchukue siku 26. Kiota lazima kivuke kila moja ya siku hizo. Kama kila siku uwezekano wa kunusurika ni asilimia 98, viota 59 kati ya 100 hufika mwisho. Ukishuka hadi asilimia 96, ni 35. Ukishuka hadi 94, ni 20. Tofauti ya pointi mbili kwa siku ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Inaweza kuwa ng'ombe watatu walioongezwa kwenye kipande kidogo, kwa sababu hatari ya kukanyagwa hupanda sambamba na idadi ya kwato katika kila hekta na siku zinazokaa hapo. Mkulima haoni yai likivunjika. Anachoona, miaka kadhaa baadaye, ni kwamba ndege aliyekuwa akimsikia asubuhi hayupo.

Kamba nayo ina madhara yake. Mnyama aliyefungwa kwa kamba ya mita 6 hula duara la mita za mraba kama 113. Ndani ya duara hilo hakuna pembe inayosalia: asipofika kwa mdomo au kwato, kamba inafagia. Kamba ikivutwa huku na huko kutwa nzima hulaza hata majani ya shungi na kukifunua kiota. Mnyama huyo huyo akichungwa bila kamba angepita hapo mara moja au mbili. Kama ni lazima afungwe, kigingi kiwekwe mbali na mashungi, kihamishwe kila siku, na kisirudishwe mahali pale pale kabla ya wiki tano.

Kwa mwenye eneo la kutosha, au majirani waliokubaliana, mpango wenyewe ni rahisi. Malisho yagawanywe vipande sita. Kila kipande kiliwe siku 7, kisha kipumzike siku 35. Hizo 35 hazikuchaguliwa ovyo: 26 ni za mayai na makinda, zinazobaki ni za kujenga, kutaga, na za makinda kujifunza kukimbia. Waya wa umeme wa jua au uzio wa fito unatosha, na mchungaji mmoja mwangalifu anatosha zaidi. Mvua zinapoanza na wadudu kuzidi, viota navyo huongezeka, basi hapo vipande viwili vyenye mashungi mengi vipewe likizo ya wiki tano mfululizo huku vinne vikiendelea na zamu.

Lakini kupumzisha mno nako hudhuru, na hapa waliosoma nusu ya somo huharibu. Nyasi ya kikuyu ikipata mvua na isiguswe hujifunga kama godoro. Ndege hawezi kutembea juu yake wala kuona kilicho chini. Kwa hiyo kipande kilichopumzishwa kirudishiwe ng'ombe kwanza wa kuishusha, kisha kondoo wa kuisawazisha, hadi nyasi ya kati ya mashungi irudi chini ya kifundo cha mguu: sentimita 5 hadi 10. Shungi lenyewe liachwe lifike magotini.

Upande wa pili wa mizani, malisho yaliyoliwa hadi udongo nayo ni mabaya. Udongo mtupu hauna panzi, na mvua ikija hubeba mbegu pamoja na mboji. Uwanda wa Liben kusini mwa Ethiopia unatosha kutuonya. Kuna ndege mmoja mdogo huko, kipozamataza aitwaye Heteromirafra archeri, aliyefika ukingoni mwa kutoweka kabisa kwa sababu nyasi yake imebanwa na mashamba, vichaka, na mifugo wengi kupita kiasi. Yeye anahitaji nyasi ndefu kuliko wetu, kwa hiyo dawa yake si dawa yetu. Wafugaji wa Borana wametenga maeneo yanayofungwa kwa muda ili nyasi ipone, desturi wanayoiita kalo. Hawakungoja kufundishwa maana ya kupumzisha ardhi. Walihitaji mamlaka iheshimu mipaka waliyoiweka.

5. Dawa za mifugo

Ivermectin anayopewa ng'ombe kwa ajili ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na huua viwavi vya mbawakawa na nzi wa samadi. Hao ni chakula cha ndege wa nyasi fupi, na ndio wanaozika samadi ili nyasi iote. Atibiwe mnyama anayehitaji, si zizi zima kwa kalenda. Waliotibiwa wakae zizini siku za kwanza, wakati kiasi kikubwa cha dawa kinatoka. Hatujaona hata kipeperushi kimoja kinachosema hivyo.

6. Hakuna anayehesabu

Lita za maziwa zinaandikwa. Magunia ya viazi yanaandikwa. Malisho ya asili yaliyobaki hayana safu kwenye jedwali lolote tuliloonyeshwa, na kisichoandikwa hakiombewi fedha.

Kuhesabu si kazi ya maabara. Watu wawili waende sambamba katika mistari ya mita 500, wameachana mita 20, kuanzia alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijawatuliza ndege. Waandike kila ndege anayeruka au kuimba na umbali wake kutoka mstarini, kisha kila mita 100 wapime urefu wa nyasi, wahesabu mashungi ndani ya duara la mita 5, na waandike mifugo waliopo. Mistari iwe ile ile kila mwaka, katika miezi ile ile. Vijana wa uwanda huu wanaoweza kuifanya kazi hiyo wapo, wana macho makali na simu za kurekodi mahali.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa hiyo tuyajibu mapema.

Mtasema ardhi ni ya watu binafsi na serikali haiwezi kumwamulia mtu. Ni kweli hatuwezi kumlazimisha mtu awe maskini kwa ajili ya ndege. Lakini trekta la bei nafuu, miche ya bure na ushauri wa afisa vinatolewa kwa ardhi hiyo hiyo ya binafsi, na hapo hakuna anayesema mikono imefungwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu mwenye ardhi kuanzisha hifadhi juu ya ardhi yake, na sheria ya mazingira ya 1999 inatambua haki za uhifadhi juu ya ardhi binafsi pamoja na fidia kwa mwenyewe. Vyombo vipo.

Mtasema Katiba inadai miti. Kifungu cha 69 kinaitaka Dola ifikie asilimia 10 ya ardhi kuwa na miti. Kifungu hicho hicho kinaitaka ilinde bioanuwai. Asilimia 10 ya nchi haikusemwa ipatikane kwa kufunika nyanda za majani; ipatikane kwenye misitu iliyofyekwa, kingo za mito, na mipaka ya mashamba ambako mkulima anahitaji kuni na kinga ya upepo.

Mtasema shirika la uhifadhi la Nature Kenya limekwisha kununua vipande vya ardhi kwa ajili ya ndege. Tunalishukuru. Lakini vipande hivyo ni vichache mbele ya uwanda wa hekta 70,000, na ndege walio nje yake wanategemea maamuzi ya kila siku ya wakulima.

Huenda mkasema pia hakuna fedha. Sehemu kubwa ya tunayoomba ni kuacha kutumia fedha vibaya. Marekani na Canada zina fedha kuliko sisi, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha zimepoteza zaidi ya nusu ya ndege wao wa nyanda za majani tangu 1970, zaidi ya ndege milioni 700. Fedha hazikuwarudisha, na aina nyingi kati ya hizo zina makao zaidi ya nchi moja. Wetu hana.

Tunaomba yafuatayo, kwa mpangilio wa uharaka:

(a) Usambazaji wa miche ya mikalitusi na miti mingine ya kupandwa kwa vichaka usitishwe mara moja kwenye malisho ya asili, na miche iliyopo ielekezwe mipakani, kingo za mito na misituni. Mikalitusi kingo za mito hapana, kwa sababu ya maji inayokunywa. Huko ipelekwe miti ya kienyeji.

(b) Huduma ya trekta ya bei nafuu isitumike kupindua malisho ambayo hayajawahi kulimwa. Dereva aulize, na afisa atie saini baada ya kufika shambani, asiitie mezani.

(c) Ndani ya siku 21, muda uliowekwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tupewe kwa maandishi: ekari za malisho zilizolimwa kwa huduma hiyo, idadi ya miche iliyotolewa na mahali ilipopandwa, na nakala ya mwongozo wowote wa malisho wanaopewa maafisa wa nyanjani.

(d) Utolewe mwongozo wa kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kikuyu, unaoeleza mashungi, zamu za malisho, kamba na dawa. Tuko tayari kuuandika bila malipo, mkaupitia.

(e) Hesabu ya ndege na malisho ianze msimu ujao na irudiwe kila mwaka, matokeo yakibandikwa hadharani.

(f) Bajeti ijayo ya kaunti itenge kifungu cha kumlipa au kumpunguzia gharama mkulima anayehifadhi malisho yenye mashungi: chanjo za mifugo, uhamilishaji, au bei bora ya sufu na maziwa. Kiasi kijadiliwe na wakulima wenyewe.

(g) Kiitishwe kikao cha wazi, kwenye uwanja na si hotelini, ndani ya siku 60, na kila idara iliyotajwa mwanzoni ilete mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Nakala ya barua hii imebandikwa mahali pa umma ili wakulima waisome na waitoe kasoro wakiziona. Zikifika siku 21 bila jibu kwa ombi la (c), tutapeleka malalamiko kwenye tume inayosimamia haki ya habari, na ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, kama Kifungu cha 37 cha Katiba kinavyoturuhusu.

Tunaomba jibu lenu litaje namba ya hoja mnayoijibu.

Wenu katika utumishi wa umma,

Wakulima, wafugaji na wahesabu ndege wa uwanda wa Kinangop